Kaka, breki usimsingizie Mungu

Shikamoo kaka. Simu zangu hupokei, basi naandika hapa. Watakaosoma na wasome.

Bado nakuona pale Magomeni chini ya turubai, tumetoka kumzika mdogo wetu, kahawa inazunguka. Baba mdogo akauliza, kwa upole tu, kwa nini mdogo wetu alipewa pikipiki ambayo fundi alishasema breki ya nyuma haishiki. Ukaweka kikombe chini: "Mungu alishajua tangu hajazaliwa. Nani angezuia?" Wazee wakaitikia, yakaishia hapo.

Ulivyompenda najua. Ada yake yote ulilipa wewe. Lakini neno lile limenikaa kooni.

Swali lenyewe ni zito, sibishi. Mwaka 1965 mwanafalsafa wa Marekani, Nelson Pike, alilibana hivi: Mungu hakosei, na jana alishajua kwamba leo utatoa ufunguo wa pikipiki; usipoutoa, itakuwa jana alikosea, na jana hairudi ikatengenezwa. Hoja hiyo imeninyima usingizi. Ila Boethius, mwanafalsafa aliyeandika akiwa kifungoni Italia katika karne ya 6, aliona mbali zaidi: ukimwona mtu anatembea, hapana shaka anatembea, lakini macho yako hayamsukumi. Mungu hangoji kesho ifike, siku zote ziko mbele yake kwa pamoja. Alijua utautoa ufunguo kwa kuwa wewe uliutoa. Ungeukatalia, angejua umeukatalia.

Na Sayyidna Umar, khalifa wa pili, njiani kwenda Sham (upande wa Syria), aliposikia tauni imeingia huko aligeuza msafara. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisa hiki wewe ndiye uliyenisimulia, tukitoka madrasa, umenishika mkono tuvuke barabara!

Nenda kwa baba mdogo, kaka, umjibu alichouliza. Hatakufukuza. Mama anasema nimekata undugu kwa kutokuja arobaini. Sijakata. Ningekaaje nawe mkeka mmoja, niitikie amina, huku marehemu anabebeshwa kosa lisilo lake na Mola anafanywa kisingizio? Wewe ndiye mkubwa wetu. Mimi kunyamaza ndiko kungekuwa kukuacha.

Nasikia pikipiki umeitengeneza taa ukamuuzia kijana wa Mbagala. Mpigie leo hii umwambie kuhusu breki.