Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: zile siku 90 za Kiunga ni za kalenda gani?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kutoka Kiunga. Ukishatupita sisi na Ishakani, unaingia Somalia. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi huku ni wazima kiasi cha haja. Nakuandikia juu ya mpaka huo, mlioahidi kuufungua na bado umefungwa.

Mwezi uliopita khale wangu, dada wa mama wa tumbo moja, alifariki kisiwani Chula, ng'ambo ya Ras Kiamboni. Habari ilitufikia kwa simu alfajiri. Maziko hatungeyawahi, hilo tulilijua. Tulichotaka ni kuiwahi hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Tukakodi mashua, tukapakia gunia la mchele, mafuta na tende, na mama tukamkalisha tezini juu ya godoro kwa sababu miguu haimbebi tena. Mfukoni nilikuwa na barua ya chifu. Hatukufika mbali. Boti ya doria ilitukata njia, tukaamriwa tuzime injini, na kijana mmoja mwenye sare akalitoboa gunia kwa kisu aone kilichomo. Kilichomo kilikuwa mchele. Ukamwagika ngamani, ukachanganyika na maji ya chumvi na petroli, na mama akawa anauchota kwa kiganja na kuurudisha guniani, punje zikimshika vidoleni, wala hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia aache. Barua ya chifu ilisomwa, ikakunjwa, ikarudishwa. "Mpaka umefungwa, mzee. Rudini."

Simlaumu kijana yule. Katumwa. Mimi nawaandikia waliomtuma.

Mheshimiwa, Mei 2023 serikali yako ilisimama mbele ya waandishi wa habari, na waziri mwenzenu wa Somalia akiwa papo hapo, ikatangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu: Mandera ianze, ifuate njia ya Liboi, na Kiunga yetu iwe imefunguliwa ndani ya siku 90. Siku ile watu hapa walipongezana. Wavuvi walianza kuzungumzia bei ya kamba koche Kismayu. Haukupita muda, Julai ya mwaka ule ule, tukasikia jambo limeahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Kuahirishwa hadi lini, hatukuambiwa. Basi nauliza kwa unyenyekevu: hizo siku 90 zinahesabiwa kwa kalenda gani? Kwa miezi ya Kiislamu zilikwisha. Kwa miezi ya Kizungu zilikwisha. Kwa mwaka wetu wa Nairuzi, tunaohesabia pepo na mavuvi, zilikwisha pia, na kaskazi na kusi zimepishana tangu hapo. Kama Nairobi kuna kalenda nyingine, tuleteeni nakala moja tuibandike pale bandarini.

Najua utanijibu kwa neno moja: usalama. Sikatai. Lakini nakuomba radhi nikurudishe nyuma kidogo, maana nahisi faili unaloletewa mezani linaanzia 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia, na maradhi haya hayakuanza 2011.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akitoka Kiunga kwenda Kismayu bila kuvuka mpaka wowote. Kismayu na nchi nzima ya Jubaland ilikuwa chini ya serikali moja na Lamu na Mombasa, serikali ya Mwingereza. Kisha Mwingereza akamwahidi Mwitaliano ardhi ili aingie upande wake katika Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipokwisha deni likalipwa kwa Jubaland. Mkataba ulitiwa saini 1924, makabidhiano yakafanyika 1925. Walitukata kama halwa, kipande chako hiki, changu kile, na sisi Wabajuni, watu wa pwani na visiwa hivi, hakuna aliyetuuliza. Ndugu wa visiwa vya Chula, Koyama na Chovai wakaamka Waitaliano. Sisi wa Kiunga na Kiwayu tukabaki Waingereza. Kabla ya hapo, 1905, bandari za Mogadishu, Merka na Barawa zilikuwa zimeshauzwa kwa Italia na Sultani wa Zanzibar kwa pauni 144,000. Wanaouza na wanaonunua pwani hii hawajawahi kuwa wakaaji wake.

Hayo ya kale nayapita. Napita pia zile silaha: Urusi ilimjazia maghala Siad Barre, mtawala wa Somalia, na vita vyake na Ethiopia vya Ogaden, 1977, vilipopamba moto ikamgeuka ikahamia Ethiopia, naye Barre akawafungulia Wamarekani bandari ya Berbera. Alipoanguka Januari 1991, bunduki zile zikabaki mikononi mwa kila mwenye ukoo mkubwa. Wabajuni na watu wa Barawa hatukuwa na jeshi la ukoo. Nyumba zikaporwa, mashua zikachukuliwa, wanawake wakadhalilishwa, na watu wakashuka na majahazi hadi Mombasa. Hapo ndipo khale alipokuja kuishi nasi mara ya kwanza. Watoto wake walijifunza kuandika kambini, kisha kambi za Mombasa zikafungwa wakarudishwa visiwani kwao, kwenye magofu. Baada ya hapo kila aliyekuja kwao alisema amekuja kuwaokoa.

Walikuja Wamarekani Desemba 1992 na kile walichokiita kurudisha matumaini. Chakula kilifika, hilo lazima lisemwe, na watu wengi waliponea hapo. Lakini walioleta chakula waliishia kuwinda watu kwa helikopta ndani ya Mogadishu, mji uliojaa raia, na Oktoba 1993 wakafa askari wao 18 na Wasomali mamia. Wale 18 dunia nzima inajua walivyokufa. Wale mamia sijui kama kuna aliyeyaandika majina yao. Machi 1995 Umoja wa Mataifa nao ukafunga virago.

Sasa nifike 2006, na hapa ningependa Mheshimiwa usome polepole. Juni mwaka ule mahakama za Kiislamu, muungano uliokuwa na wapiganaji wake, ziliteka Mogadishu, zikawatimua wababe wa vita, vizuizi vya barabarani vikaondolewa, na uwanja wa ndege na bandari zikafunguliwa baada ya miaka mingi. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa na ukali wao, na ndani yao mlikuwa na kundi dogo la vijana ambalo leo mtoto yeyote wa Lamu analijua kwa jina. Lakini lilikuwa kundi dogo. Desemba jeshi la Ethiopia likaingia, Marekani ikiwa nyuma yake, na mahakama zikasambaratishwa kwa siku chache. Januari 2007 ndege za kivita za Marekani zilipiga upande wa Ras Kiamboni, hapa karibu nasi. Serikali yetu ikafunga mpaka. Waliokimbia mabomu walikamatwa huku kwetu, na makumi kati yao wakapakiwa ndege usiku na kurudishwa Somalia, na wengine wakaishia jela za Ethiopia. Mlikuwa na wanawake na watoto.

Faida ya yote hayo ilikuwa nini? Ethiopia iliondoka Januari 2009. Mwezi ule ule Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, kiongozi wa mahakama zile zile, akachaguliwa rais wa Somalia na dunia ikampongeza. Yule aliyefukuzwa kwa vifaru akarudishwa kwa zulia jekundu, na baina ya kufukuzwa na kurudishwa, lile kundi dogo lilikuwa limeshakuwa jeshi, kwa kuwa kijana wa Mogadishu alikuwa ameona mgeni mwenye bunduki mlangoni kwao na kuna mtu aliyemwambia nitakupa bunduki nawe. Kundi hilo ndilo Al-Shabaab, na walijua la kufanya na hasira ile. Dhambi zao wenyewe siziombei radhi hata moja.

Yaliyofuata unayajua. 2011 watalii walivamiwa Kiwayu na Manda, na Oktoba jeshi letu likavuka mpaka. Septemba 2012 Kismayu ikatekwa. Ahmed Madobe, aliyekuwa gavana wa Kismayu wakati wa mahakama na akakamatwa majeruhi 2007, sasa aliingia mjini pamoja na wanajeshi wetu, na 2013 akawa rais wa Jubaland. Mimi ni mchuuzi wa kamba, siasa za juu sizijui, lakini huniambii kwamba hapo hakuna la kushangaza. Baraza la Usalama lilikuwa limepiga marufuku mkaa wa Somalia Februari 2012, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba mkaa uliendelea kupakiwa Kismayu baada ya mji kutekwa. Jeshi likakana. Sukari nayo sina haja ya wachunguzi kunieleza. Sukari ya Kismayu inaingia Kenya miaka yote, na sijapata kusikia imeulizwa kitambulisho wala kutobolewa kwa kisu.

Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, wako watu ambao mpaka uliofungwa unawalisha. Mpaka ukiwa wazi kuna afisa wa forodha, kuna risiti, kuna kodi. Ukifungwa kuna kujuana. Maskini ndiye anayezuiwa, kwa kuwa yeye hana wa kumpigia simu.

Kisha kikaja kisasi cha Al-Shabaab, na kikaja kwetu sote. Duka la Westgate, Nairobi, 2013, watu 67. Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya 60, na wale ni majirani zetu wa kaunti moja. Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Niliwalilia, na bado nawalilia. Sisi huku tulipewa kafyu na marufuku ya kuvua usiku. Mvuvi asiyeruhusiwa bahari usiku akale nini mchana? Vijana waliuza nyavu wakaenda Malindi na Mombasa kutafuta vibarua. Waliobaki wanapigwa msasa kila waendapo. Kenya naulizwa kama mimi ni Msomali. Khale wangu, Kismayu, alikuwa akiambiwa yeye ni mtu wa Kenya. Amekufa bila ya upande mmoja kumkubali.

Mheshimiwa, nina jambo ambalo huenda halijasemwa mbele yako kwa heshima hii. Tunapozungumza juu ya mataifa ya kigeni yaliyoingia nchi za Waislamu, tunapenda kutaja Marekani na Iraq ya 2003, NATO na Libya ya 2011, ile miaka 20 ya Afghanistan iliyokwisha kwa Taliban kurudi Kabul. Tunatikisa vichwa, tunasema wakubwa hawa hawajifunzi. Kule Somalia, wakubwa ni pamoja na sisi. Kenya ni mgeni mwenye bunduki kule, na Ethiopia, na Uganda iliyotangulia na vikosi vya Umoja wa Afrika Machi 2007. Jina la kikosi limekuwa AMISOM, likawa ATMIS, sasa ni AUSSOM. Majina hayakomi. Hatukubaliani hata juu ya maji: Somalia ilitupeleka mahakama ya kimataifa ya The Hague, Oktoba 2021 mahakama hiyo ikachora mstari wake wa mpaka wa baharini, serikali ikasema haiutambui. Samaki nao hawajaelezwa ni wa nani.

Sikuombi uondoe jeshi kesho. Najua likiondoka ovyo, watakaokuja usiku watakuja kwetu kwanza. Siombi fidia ya mchele, ingawa ulikuwa mzuri. Siombi hata uniambie nani alifaidi na mkaa. Naomba Kiunga ifunguliwe, kama mlivyosema wenyewe, kwa vinywa vyenu, mbele ya kamera. Wekeni ofisi ya uhamiaji, wekeni mbwa, wekeni mashine ya kuona ndani ya magunia ili visu vipumzike. Tutapanga foleni. Watu wa hapa hawana shida na kukaguliwa, wamekaguliwa maisha yao yote.

Ikiwa kufungua ni kuzito, basi siku maalumu kwa mwezi, mchana kweupe, mashua zilizosajiliwa tu.

Ikiwa hilo nalo ni zito, basi ruhusa ya msiba peke yake. Mtu akifiwa na ndugu wa damu, aende na barua ya chifu, azike, arudi. Barua ya chifu si ndiyo sahihi ya serikali yenu? Mama yangu amebakiwa na ndugu mmoja tu kule, kaka yake, naye ni mgonjwa. Tunaomba jibu lenye tarehe, si siku 90 nyingine.

Wako mtiifu,

Mchuuzi wa kamba, Kiunga, Kaunti ya Lamu