Kuhusu pafu la mtoto

Tanga

Mpenzi Mama Salma,

Salamu kwako na kwa shemeji. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa zamu ya usiku. Wiki ya 22, ultrasaundi inaonyesha pafu la kushoto dogo na utumbo umo kifuani, halafu mnaambiwa rudini mwezi ujao, basi! Hilo limeniudhi.

Jirani anayekuambia utachomwa sindano za kukomaza mapafu na mambo yataisha, anazungumzia tatizo jingine. Sindano zile ni za mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati: mapafu ya mtoto yapo, ila hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Pafu la mwanao limekosa nafasi ya kukua. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kina tundu, matumbo yamepanda, yamelibana pafu na kuusukuma moyo kulia. Wako watoto ambao mapafu hudumaa kwa sababu chupa imepasuka mapema mno au figo hazikuumbika, maji yakawa haba. Maji yako ripoti inasema yanatosha, kwa hiyo hilo liache.

Muulize daktari: ini limebaki tumboni au nalo limepanda? Moyo wenyewe umeumbika sawa? Na pafu la kulia lina ukubwa gani? Hulipima pale vyumba vinne vya moyo vinapoonekana, wakalilinganisha na mzingo wa kichwa, kisha na kinachotarajiwa kwa umri wa mimba. Likiwa chini ya asilimia 25 ya kinachotarajiwa, hali ni nzito.

Shemeji ameniuliza habari za puto. Ni kweli lipo. Huwekwa kwenye njia ya hewa ya mtoto angali tumboni, wiki ya 27 hadi 29, ili majimaji yanayotoka kwenye mapafu yazuiliwe na kuyatanua, kisha hutolewa wiki ya 34. Utafiti wa mwaka 2021, ulioongozwa na Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba katika watoto wa hali nzito asilimia 40 walitoka hospitali wakiwa hai, na wasiowekewa asilimia 15. Lakini akina mama wengi zaidi walipasukiwa chupa mapema, na kwa watoto wa hali ya wastani faida haikuthibitika. Mwambie asiuze kiwanja kabla ya kipimo.

Mimi nawaza zaidi siku ya kujifungua. Tuliwahi kuletewa kichanga tumbo limebonyea, naweka stetoskopu kushoto sisikii kitu, moyo unadunda kulia. Njia nzima alikuwa akipuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, kwa nia njema kabisa, maana mama yake hakuwahi kupigwa ultrasaundi. Hewa ile huingia tumboni, utumbo ukavimba humo humo kifuani, pafu likazidi kubanwa. Mwanao apitishiwe mpira kwenye njia ya hewa mara tu anapozaliwa, na mwingine tumboni wa kutoa hewa. Kwa hiyo tafuta hospitali yenye mashine ya kupumulia ya vichanga na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na watakaokuzalisha waambiwe mapema.

Nitumie picha ya ripoti yote, si ukurasa wa mwisho tu. Jumatano niko mapumziko, nipigie baada ya adhuhuri, na shemeji awepo. Salma mwambie mamake mdogo anamsalimu.

Wako,
Zuhura