Magugu maji yang'olewe kiangazi, msisubiri yafunge mwalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe ya moyoni kuhusu haya magugu maji. Nakausha dagaa hapa Igombe, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwaka wa 12 sasa na kila mwaka naona kosa lilelile, watu wa kusafisha wanakuja mwezi wa nne au wa tano huko, mwalo ushafungwa, mitumbwi haitoki, chanja zetu ziko tupu, ndo utaona wanagawa reki na glavu.

Gugu maji linazaana kwa njia mbili. Kwanza linatoa vitoto, yaani shina linatoa kikamba kinalala juu ya maji, mwisho wa kile kikamba kinaota kitoto kimeshikana na mama yake kama kitovu, nacho kikipata nguvu kinatoa cha kwake, wimbi likija likakata basi kila mmoja anaenda zake na anaanza ukoo mwingine. Kwenye maji ya joto yenye mbolea yanaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili tu, sasa piga hesabu mwenyewe, mashina 20 yasipoguswa wiki 16 ni zaidi ya 5,000! Na mvua za mwezi wa kumi zikianza ndo yanaletewa chakula, Mto Mirongo unashusha uchafu wa mjini, mashambani inatoka samadi na mbolea, vyote vinaishia ziwani.

Njia ya pili ni mbegu, na hii ndo inaniuma maana watu wanayaona maua wanafurahi wanapiga picha. Lile ua la zambarau lenye doa la njano kama jicho likishanyauka, shingo yake inajikunja inainama mpaka majini, mbegu zinazama kwenye tope na zinaweza kukaa humo hai hata miaka 20. Ziwa likirudi nyuma, tope likapigwa na jua, zinaota. Kwa hiyo ukija kung'oa yameshachanua ujue mbegu umeachiwa.

Mwaka jana kilikuja kikosi, wakang'oa siku mbili, jasho limewatoka kweli nawashukuru, lakini wakayaacha lundo palepale ukingoni. Nilienda nikaligeuza kwa mkono, juu makavu kabisa, chini mabichi, mizizi meusi kama manyoya imejaa vikonokono, na konokono tunajua habari zao za kichocho. Wiki ile upepo ukasukuma maji yakapanda, karibu nusu ya lundo ikarudi ziwani inaelea.

Wapo wale fukusi, wadudu wadogo walioachiwa ziwani miaka ya 1990 wayale haya magugu, na walisaidia sana, ila wao hawaongezeki haraka kama gugu lenyewe.

Ninachoomba kwa wahusika ni kalenda ibadilike, waje mwezi wa nane na wa tisa kabla ya mvua, na wakishang'oa wayabebe mbali na maji wayaanike juani mpaka yakauke hadi chini. Saivi ni mwezi wa tisa, nyuma ya mawe hapa kwetu jana asubuhi nimehesabu mashina 23, hakuna hata moja lenye ua. Watu wanne na toroli moja wanamaliza kabla ya saa sita mchana.

Mkaushaji dagaa,
Igombe, Mwanza