Kwa maafisa vijana mliohitimu chuo cha kijeshi cha Lanet: ofisi ya utumishi si adhabu

Wanangu,

Kwa cheo ningewapigia saluti. Kwa umri nawaita wanangu, mniwie radhi nikisema kwa ukali. Juzi hapa Nakuru niliwasikia baadhi yenu mkimpa pole mwenzenu aliyepangiwa ofisi ya utumishi, ile inayoshughulikia likizo, vyeo na haki za askari. "Umeenda kuhesabu likizo," mkamwambia, mkacheka. Hasira haijanitoka.

Hizo likizo nazijua. Katika kambi moja ya mpakani, askari wa kutoka Vihiga alifiwa na mama yake. Fomu yake ililala mezani kwa afisa tangu Jumanne, haijasomwa. Ruhusa ikatoka Jumamosi mchana, saa ambayo mama alikuwa anazikwa. Kijana akafika nyumbani kaburi limeshafunikwa, na wajomba wakamuuliza kama serikali ndiyo iliyomzaa. Mnaotoka magharibi mnajua uzito wa kifungua mimba kukosa kumtilia mamake udongo. Alirudi kambini, akatimiza kazi, lakini hakumtazama tena afisa yule usoni. Mkataba ulipokwisha, akaenda zake. Mnashangaa kwa nini askari wazuri wanaondoka?

Someni habari za Elmo Zumwalt. Mwaka 1970, akiwa na miaka 49, alikabidhiwa uongozi wa jeshi la majini la Marekani wakati vijana wengi hawakutaka kuongeza mkataba. Manowari mpya alizitaka, lakini hakuishia hapo. Aliwaita maafisa na mabaharia weusi pamoja na wake zao, akawasikiliza wakieleza jinsi wanavyobaguliwa hata katika kutafuta nyumba za kupanga. Desemba 17 mwaka huo akatoa agizo: kila kambi na kila meli iwe na msaidizi wa kushughulikia mambo ya walio wachache, anayemwona kamanda moja kwa moja. Mwaka 1972 akawafungulia wanawake nafasi walizokuwa wamefungiwa. Vurugu za kibaguzi zilipozuka melini mwaka huohuo, wakubwa walimlaumu kuwa ameua nidhamu. Hakurudi nyuma. Huyo ndiye shujaa wangu, na sehemu kubwa ya ushujaa wake ilikuwa kwenye karatasi.

Sisi Kenya nasi tuliwaweka wanawake katika kikosi chao cha pembeni hadi 1999. Kuwaingiza katika majeshi yote ilikuwa kazi ya sera, si ya bunduki. Lakini nchi hii hupigia makofi ndege zinazopita juu ya uwanja; aliyehakikisha mjane wa koplo amelipwa haki yake, hakuna anayemjua.

Basi jueni majina ya askari wenu. Kupandisha vyeo kusiangalie kijiji. Barua za wajane zijibiwe. Fomu ya msiba isilale mezani hata usiku mmoja, wanangu, nawasihi.

Nanyi makamanda, mnapopeleka majina ya watakaopewa nishani, afisa wa utumishi aliyefanya kazi yake vizuri awemo.

Sajini mstaafu, Nakuru