Ramani za watu zisihesabu ziwa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na walimu wa jiografia hapa Mwanza. Watoto wanafundishwa msongamano wa watu ni idadi gawanya kwa eneo, sawa, ila mkoa wetu zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji! Sensa ya 2022 ilitukuta karibu milioni 3.7, sasa ukigawanya na ziwa humo humo unapata namba inayodanganya, utadhani tuna nafasi kibao, wakati ukipanda milima ya Mabatini unaona nyumba zilivyobanana mpaka juu ya mawe. Gawanyeni kwa nchi kavu jamani.

Halafu ile ramani ya kupaka wilaya nzima rangi moja inaficha mengi, ya nukta, yaani kila nukta inasimama kwa watu kadhaa pale walipo, ndo inaonyesha watu wako wapi hasa. Daktari John Snow alifanya karibu hivyo pale London mwaka 1854, akaweka alama ya kila kifo cha kipindupindu kwenye ramani, zikaonekana zimezunguka pampu moja ya maji mtaa wa Broad Street. Na kipindupindu sisi watu wa ziwa tunakijua, kwa hiyo wafundisheni watoto wachore mitaa yao wenyewe, visima viko wapi, vyoo viko wapi, mwalo wa mitumbwi uko wapi.

Msomaji wako, Mwanza