Hoteli za Mombasa, tupoezeeni waini nyekundu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, na wenye hoteli za hapa Pwani tafadhali wasome mpaka mwisho manake sisemi kwa ubaya, mie nazipenda hoteli zetu na waini naipenda, na vikikutana vizuri hivo viwili raha yake haina mfano.

Mwezi wa Machi tulitoka watu sita, marafiki wa miaka mingi, tukaenda kula hoteli moja upande wa Nyali, jina silitaji. Walikuwa wametangaza mlo wa jioni wa sahani tano, moja baada ya nyingine, na kila sahani na waini yake ya kuonja. Shilingi 6,500 kila mtu. Sie si matajiri, mmoja wetu mwalimu, wawili wako bandarini, mie nashona nguo, tulianza kuweka kidogokidogo tangu Novemba kwa hivo tuliingoja hiyo siku kama watu wanaongoja harusi.

Na mwanzo ulikuwa mzuri, haki yao niwape. Kamba wa kuchoma wakaja na waini nyeupe, Sauvignon Blanc ya New Zealand, baridi, ukiinusa unapata pasheni na majani mabichi kama umepita mahali wamefyeka nyasi sasa hivi, tukafumba macho. Supu ya pweza pia nzuri. Halafu kikaja kile nilichokifuata mie, changu wa kupaka, tui zito, ukwaju, pilipili imekaa kwa mbali, na pembeni waini nyingine nyeupe, Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Sijui nieleze vipi. Tui la nazi linaacha mafuta kwenye ulimi, sa ukinywa hiyo Chenin uchachu wake unayakata yale mafuta, unarudi kwenye samaki kama ndo tonge la kwanza, na ule utamu kidogo wa kama pera lililoiva unaituliza pilipili. Shoga yangu mwalimu hajawahi kuonja waini maishani, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Kumbe ndo hivi." Basi.

Ya nne ndo iliyoniuma. Mguu wa mbuzi umeokwa na viungo, unaachana na mfupa wenyewe, na waini nyekundu ya Pinotage. Kijana aliyekuwa akituelezea waini alikuwa amesoma vizuri, akatwambia hiyo zabibu haikuwako zamani, ilitengenezwa 1925 na Profesa Abraham Perold kule Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa kuchanganya zabibu za aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut, sote tukamsikiliza. Lakini nilipoishika chupa ilikuwa moto. Sisemi vuguvugu, moto, kama kikombe cha uji kilichoachwa mezani. Kuinusa, ikanipiga puani kama spiriti ya hospitali, mdomoni ikawa tamu nzito inayochoma koo, hakuna tunda, hakuna kitu. Nikamwita weita nikamwambia hii imelala wapi? Akanijibu kwa adabu, "Mama, waini nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanywewa kwa joto la chumba."

Nikamuuliza, mwanangu, chumba cha wapi?

Mhariri, hapa ndo pana shida yenyewe na ndo sababu naandika. Hiyo habari ya joto la chumba imetoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe za zamani kabla ya mitambo ya kupasha joto, chumba chao kilikuwa na nyuzi 16 au 18 hivi. Mombasa mwezi wa Machi mchana inafika 32 na usiku chumba kisicho na eisi hakishuki chini ya 25, na chupa zenyewe nilizoziona zilikuwa zimepangwa kwa urembo kwenye rafu karibu na mlango wa jikoni, pale pale joto la majiko linapotokea. Waini ikipata joto kilevi chake kinapanda haraka puani kinafunika harufu ya tunda, na ikikaa kwenye joto wiki na wiki inaiva vibaya, kinywaji kinatanuka kinasukuma kizibo, hewa inaingia, imeharibika na hujaifungua. Hata ile ya kwetu ya Naivasha, zabibu zake zimekulia karibu mita 1,900 juu ya bahari ambako usiku ni sweta, sa inateremshwa huku Pwani kuja kuchomwa kwenye rafu. Inasikitisha.

Tukaomba ndoo ya barafu. Wakaleta barafu tupu, nikamwomba weita aongeze maji na chumvi kidogo manake barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu lakini maji ya barafu yanaikumbatia yote, inapoa upesi. Baada ya dakika kama 15 tukamimina tena. Wallahi ilikuwa waini nyingine. Ilinuka zambarau, zile zambarau nyeusi zinazoacha ulimi na rangi, na moshi kidogo kwa nyuma, na ule ukakasi kama chai ya rangi iliyokolea ukakaa mahali pake. Chupa ile ile! Lakini nyama ilikuwa ishaisha. Sahani zishaondolewa, wanatuletea kaimati na waini tamu, na yule mbuzi na ile Pinotage waliopangwa wakutane hawakukutana. Pesa tuliweka tangu Novemba.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki, mwenzetu mmoja ni Mwislamu, hanywi, alikuja kwa chakula na kwa ajili yetu, akaletewa juisi ya ukwaju baridi sawasawa mpaka glasi inatoa jasho. Kwa hivo jikoni wanajua. Hapo pia niseme, alipewa juisi hiyo hiyo moja kutoka kamba mpaka kaimati na akalipa bei ile ile kama sie. Kwa nini asipangiwe na yeye, madafu na kamba, ukwaju na samaki, chai ya tangawizi na kaimati? Mji wetu una watu wengi wasiokunywa na wao pia wana ulimi.

Watu wa Pwani si wageni wa mambo ya vinywaji. Nenda mangwe yoyote Mtwapa, pale watu wanapokunywa tembo la mnazi, ukampelekee mzee mnazi uliokaa juani uone atakwambia nini, wanajua wa asubuhi uliogemwa sasa hivi ni mtamu na wa jioni ni mkali, na mgema anautafutia kivuli. Basi na chupa iliyotoka Stellenbosch itafutiwe kivuli pia.

Nawaomba wenye hoteli, haitaki mashine ya bei. Chupa nyekundu ziingie kwenye friji ya kawaida kama saa moja na nusu kabla ya kuletwa, tatu kwa wakati, zinatosha glasi 30 za kuonja za mililita 75. Zile za kukaa zilazwe stoo yenye giza mbali na majiko, rafu ya urembo iwekwe chupa tupu. Na mteja aonjeshwe kwanza kabla ya kumiminiwa meza nzima, akisema ni moto asiambiwe habari za chumba. Wafundisheni hawa vijana, wana hamu, yule aliyetueleza habari za Perold alikuja mwenyewe baadaye akainusa ile iliyopoa, akaniuliza, "Mama, dakika ngapi umesema?" akaandika kwenye karatasi ya oda.

Tulirudi na tuktuk mbili, hakuna aliyeshika usukani. Na tumeanza kuweka pesa tena, tunataka kurudi mwezi wa nane wakati wa kusi kukiwa na kibaridi kidogo, meza ile ile, na tunataka safari hii Pinotage ifike mezani imepoa na mbuzi bado anatoa mvuke.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa