Kwa wanakwaya wetu wa Tabora, Majilio, majuma ya kuingoja Noeli, yakikaribia

Tumsifu Yesu Kristo, wajukuu zangu.

Naandika maana nikisema kwa mdomo ntalia. Jumapili iliyopita baada ya Misa yule mama wa kigangoni aliwaletea beseni la maembe, kalifunika na kanga, katembea nalo tangu alfajiri, akalitua akawaambia "wabeja" kwa vile mliimba kwenye msiba wa mumewe. Mkacheka. Mmoja akamuigiza lafudhi, wengine mkaziba midomo na vitabu vya nyimbo. Nilimwona anakunja pindo la kanga, analikunjua, anakunja tena, kisha akaondoka na beseni lake tupu hakuna hata wa kumsindikiza. Na maembe mkala!

Jamani, wabeja ni asante kwa Kinyamwezi. Na hiyo asante mnayoiona ya mjini asili yake Kiarabu, umefanya vyema ndo maana yake, Kiswahili kimepanda huku na misafara ya Bagamoyo mpaka hapa Unyanyembe, Tabora yetu hii, na waliobeba mizigo ile ni babu zetu Wanyamwezi, walienda pwani wakarudi na Kiswahili na Kinyamwezi chao hawakukitupa njiani. Leo mjukuu wao anajua thenkyu, ila bibi yake akimwamkia "Mwangaluka" anainamia simu. Na sisi wazazi tuna makosa, tulichapwa shuleni kwa kuongea kilugha tukaja kuwafundisha watoto kwamba ni cha ushamba. Inaniuma sana hii.

Mi lugha zote nazipenda, hata Kilatini cha Misa za utotoni bado kinanijia usiku. Kwa Kilatini Majilio ni adventus, kuja. Kiswahili kikaongeza utamu wake, kujiliwa, yaani mtu amekufuata wewe hapo hapo ulipo. Yule mama aliwajilia, wanangu.

Mengine mnayajua: wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika za Majilio, nyimbo za Noeli zisubiri mkesha, na kitubio nendeni mapema sio tarehe 24 mnasukumana kwenye foleni.

Jumamosi asubuhi nakuja mazoezini, nimemwomba na yule mama aje, amekubali japo kwa shida. Mpangieni kiti mbele. Akiingia atawaamkia kwa Kinyamwezi, mwitikieni "Mwangaluka mhola" wote kwa sauti ile ile mnayoimbia, halafu yule aliyemuigiza akampokee mzigo.